Mionzi Inapoondoa Ukinzani wa Umeme



Ndugu wasomaji, wanafunzi, wazazi na walezi, mwaka huu katika ukurasa wa elimu tumeona tuzungumzie mionzi. Neno hili linatajwa sana majumbani mwetu, lakini linaeleweka kidogo. Ukitazama mapaa ya nyumba zetu hapa Majengo utaona madishi ya setilaiti, na ukiinua macho zaidi utaona minara ya simu. Wapo wazazi wanaoamini kuwa mionzi yote ni moja na kazi yake ni kuunguza tu. Wapo pia vijana wanaokaribia kuingia kidato cha tatu na kuchagua masomo, ambao wameshaambiwa kwamba fizikia ni kukariri kanuni na hakuna jipya lililobaki. Makala hii inawahusu wote hao.

Tutaeleza jambo moja lililogunduliwa mwanzoni mwa karne hii. Wataalamu walimulika mionzi ya maikrowevu juu ya elektroni zilizofungiwa katika tabaka jembamba sana. Mtu angetarajia ukinzani wa umeme uongezeke kwa sababu ya joto. Haikuwa hivyo. Ukinzani ulipanda na kushuka kwa zamu, na mahali pengine ukatoweka kabisa. Ili tufahamu ajabu hii, tuanze na mambo ya msingi.

UKINZANI NI NINI?

Fikiria umetumwa na mama sokoni Majengo siku yenye watu wengi. Unataka kupita upande wa pili, lakini kila hatua unagongana na mtu, toroli au gunia. Utafika, ila umechelewa na umechoka. Elektroni zinazopita ndani ya waya zina hali kama hiyo. Zinasukumwa na volti ziende mbele, lakini zinagongana na kasoro zilizomo ndani ya metali na pia na mtikisiko wa atomi zake. Kizuizi hicho ndicho kinachoitwa ukinzani.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaifahamu: ukigawa volti kwa mkondo unapata ukinzani. Nishati inayopotea katika migongano hiyo hugeuka joto. Ndiyo maana pasi inapata moto, na ndiyo maana sehemu ya umeme unaozalishwa katika bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, hupotea njiani ndani ya nyaya kabla haujafika kwa mtumiaji. Waya wa shaba ukipata joto, atomi zake hutikisika zaidi na ukinzani wake huongezeka.

MIONZI YA MAIKROWEVU

Maikrowevu ni mawimbi ya jamii moja na mawimbi ya redio na mwanga. Yanatofautiana kwa masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Gigahezi 1 ni mitikisiko bilioni 1 kwa sekunde. Simu za mkononi za kawaida zilianza kwa kutumia masafa ya gigahezi 0.9 na 1.8. Jiko la maikrowevu hutumia gigahezi 2.45. Madishi mengi ya televisheni hupokea mawimbi yaliyo kati ya gigahezi 10 na 13. Majaribio tutakayoyaeleza yalitumia mawimbi ya kiasi cha gigahezi 100.

Hapa ndugu msomaji tofautisha mambo mawili. Mionzi ya eksirei ya hospitali inaweza kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi, kwa sababu kila chembe yake ya nishati ni kubwa. Chembe ya nishati ya maikrowevu ni ndogo kuliko ile ya eksirei kwa mamilioni ya mara, na haiwezi kuing'oa elektroni kwenye atomi. Maikrowevu yakiwa na nguvu nyingi hupasha vitu joto, na ndiyo maana mafundi hawaruhusiwi kukaa mbele ya antena kubwa inayorusha mawimbi. Ama dishi la nyumbani lenyewe halirushi mionzi yoyote ya kukutia hofu. Kazi yake ni kupokea.

TABAKA LA ELEKTRONI

Ndani ya waya, elektroni inaweza kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Huo ni mwendo wa pande tatu. Sasa chukua mfano wa sisimizi aliye juu ya mkeka na amekatazwa kupanda wala kushuka. Atatembea kwa urefu na upana wa mkeka tu. Elektroni zikiwekwa katika hali hiyo tunasema ni mfumo wa elektroni wa pande mbili.

Mkeka huo hutengenezwa kwa kupandisha fuwele, tabaka juu ya tabaka, za vitu viitwavyo nusukipitishi, yaani vitu ambavyo havipitishi umeme vizuri kama shaba wala havizuii kabisa kama plastiki. Vinavyotumika sana ni galiamu asenidi na ndugu yake aliyechanganywa na alumini. Mpakani mwa vitu hivi viwili elektroni hukusanyika katika tabaka lenye unene wa kiasi cha nanomita 10, yaani jembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara.

Mwaka 1978, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ray Dingle, Horst Störmer na Arthur Gossard pamoja na wenzao walibuni njia ya kuziweka atomi zinazotoa elektroni mbali kidogo na tabaka lenyewe. Kwa njia hiyo elektroni zilipata barabara iliyo wazi. Baadaye ufundi uliendelea hata elektroni ikaweza kwenda kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita bila kugongwa na kupotezwa mwelekeo, wakati tabaka limepoozwa sana. Huo ni umbali mrefu zaidi ya mara 2,000 kuliko ule wa elektroni ndani ya waya wa shaba wa kawaida. Ni kama mtu mmoja agongwe kila baada ya mita 100, na mwingine atembee kutoka Majengo hadi karibu na Morogoro ndipo agongwe mara ya kwanza.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 1980 Takashi Mimura wa kampuni ya Fujitsu ya Japani na wenzake walionyesha transista iliyotumia tabaka kama hilo. Transista za namna hiyo hukuza mawimbi dhaifu bila kuongeza kelele nyingi, na zikaingia katika vichwa vya madishi, vile ambavyo mafundi wetu wanaviita LNB. Kwa hiyo mawimbi ya maikrowevu kutoka angani na tabaka la elektroni la pande mbili vimekutana juu ya mapaa yetu miaka mingi. Tofauti ni kwamba kwenye dishi kuna joto la kawaida na kazi ni kukuza wimbi. Ajabu tunayoizungumzia inahitaji vitu viwili zaidi, navyo ni sumaku na baridi kali.

SUMAKU NA NGAZI

Ukielekeza uga wa sumaku wima juu ya tabaka, elektroni hazitaenda moja kwa moja tena. Zitazunguka kwa miduara. Uga ukiwa na nguvu zaidi, mzunguko unakuwa wa haraka zaidi. Katika galiamu asenidi, uga wa tesla 1 huifanya elektroni izunguke kiasi cha mara bilioni 418 kwa sekunde, yaani gigahezi 418. Ukitaka izunguke kwa gigahezi 100, uga wa tesla 0.24 unatosha. Hiyo si sumaku ya kutisha, kwani nguvu ya kiasi hicho hupatikana karibu na vipande vidogo vya sumaku kali.

Jambo la pili ni kwamba elektroni inayozunguka haipewi nishati yoyote inayoitaka. Mwaka 1930 Mrusi Lev Landau alionyesha kuwa nishati zake hukaa kama vipandio vya ngazi. Elektroni hukaa kwenye kipandio hiki au kile, wala haikai katikati. Umbali kati ya kipandio na kipandio hutegemea kasi ya kuzunguka, kwa hiyo ukiongeza sumaku vipandio vinaachana zaidi.

Ngazi hii ilishaleta maajabu mengine. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing wa Ujerumani aligundua kuwa katika tabaka kama hili, chini ya sumaku kali sana, ukinzani unaopimwa kwa upande hukaa kwenye thamani maalumu zinazotokana na omu 25,812.807, na haubadiliki hata ukibadilisha kipande cha fuwele. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na hadi leo maabara za vipimo hutumia jambo hilo kusahihisha vipimo vya ukinzani.

YALIYOONEKANA MWAKA 2001 HADI 2003

Mwaka 2001 Michael Zudov na Rui-Rui Du, wakiwa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza kuwa tabaka la elektroni likimulikwa na maikrowevu katika sumaku dhaifu, ukinzani wake hupanda na kushuka kwa mawimbi. Mwishoni mwa mwaka 2002 Ramesh Mani na wenzake, von Klitzing akiwa mmoja wao, waliandika katika jarida la Nature kwamba katika vipande safi zaidi ukinzani hushuka hadi usitofautishwe na sifuri. Mwanzoni mwa 2003 kundi la Zudov na Du nalo likachapisha matokeo ya namna hiyo.

Tuchukue mawimbi ya gigahezi 100 tuone mpangilio wake. Tunaanza na tesla 0.24, ambapo elektroni inazunguka kwa kasi sawasawa na mtikisiko wa wimbi. Wengi wangedhani hapo ndipo mambo yatakapokuwa makubwa. Lakini hapo ukinzani unabaki karibu kama ulivyokuwa kabla ya kumulikwa. Punguza sumaku hadi karibu tesla 0.19, ukinzani unaanguka na unaweza kufika sifuri. Punguza hadi karibu 0.14, unapanda juu kuliko ulivyokuwa gizani. Ukifika 0.12, ambapo wimbi linatikisika mara mbili katika kila mzunguko wa elektroni, unarudi kwenye hali yake ya kawaida. Ukifika karibu 0.11 unaanguka tena. Kwa hiyo kinachoamua ni uwiano wa masafa ya wimbi na kasi ya mzunguko. Uwiano ukiwa namba kamili, hakuna badiliko kubwa. Ukizidi namba kamili kwa robo, ukinzani unashuka. Ukipungua kwa robo, unapanda.

KWA NINI IWE HIVYO?

Tutumie mfano wa fedha. Tuseme umbali wa kipandio kimoja cha ngazi ni shilingi 100. Kwa kuwa kuna volti, tabaka lote limelala kama mteremko. Kila mahali pana ngazi yake, na ngazi ya jirani wa chini ina vipandio vilivyo chini kidogo kuliko vya jirani wa juu. Elektroni inayozunguka ikigonga kasoro hurushwa kwa jirani. Ikirushwa kuelekea chini ya mteremko inapoteza nishati, na upotevu huo ndio tunaoupima kama ukinzani.

Sasa wimbi linakuja na zawadi. Likitoa shilingi 100 kamili, elektroni inapanda kipandio kimoja na hesabu imeisha; haina sababu ya kuelemea juu wala chini ya mteremko. Likitoa shilingi 125, elektroni inatumia 100 kupanda na inabaki na 25. Haiwezi kukaa katikati ya vipandio, hivyo inahamia kwa jirani ambaye vipandio vyake viko juu kwa shilingi 25. Imepanda mteremko, kinyume cha kawaida, na ukinzani umepungua. Likitoa shilingi 175, elektroni inataka vipandio viwili vya shilingi 200 lakini imepungukiwa 25. Inahamia kwa jirani ambaye vipandio vyake viko chini kwa 25. Imeshuka mteremko, na ukinzani umeongezeka.

Maelezo ya namna hii yalitolewa na Adam Durst na wenzake mwaka 2003, na mtaalamu wa Urusi, Ryzhii, alikuwa ameshabashiri jambo linalofanana nalo mwishoni mwa miaka ya 1960, zaidi ya miaka 30 kabla ya kuonekana. Yapo maelezo mengine, yaliyokuzwa na Dmitriev, Mirlin, Polyakov na wenzao, yanayosema kuwa athari kubwa zaidi hutokana na mionzi kuzipanga upya elektroni ndani ya upana wa kila kipandio. Njia zote mbili zinatoa mpangilio ule ule wa robo.

Na sifuri je? Elektroni zikipanda mteremko kwa wingi, hesabu inasema ukinzani ungeshuka chini ya sifuri. Mwaka 2003 Andreev, Aleiner na Millis walionyesha kuwa hali hiyo haiwezi kutulia. Tabaka hujigawa katika maeneo yenye mikondo inayokwenda pande tofauti, na anayepima kutoka nje anaona sifuri. Hata hivyo mjadala haujafungwa. Kwa mfano, mwaka 2005 Smet na wenzake waliripoti kuwa mwelekeo ambao wimbi linajizungusha haukuleta tofauti iliyotarajiwa na nadharia, na wataalamu wengine wameelekeza macho kwenye kingo za tabaka na mahali waya zinapoungwa.

KWA NINI BARIDI KALI?

Majaribio haya hufanywa katika kiasi cha nyuzi hasi 272 za Selsiasi, ndani ya heli iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Sababu yake ni nyepesi. Katika joto la kawaida la Dodoma, mtikisiko wa joto peke yake una nishati kubwa kama mara 60 kuliko chembe moja ya wimbi la gigahezi 100. Zawadi ya wimbi inapotea kama mnong'ono katikati ya soko. Katika baridi ile kelele inanyamaza, na chembe ya wimbi inakuwa kubwa kuliko mtikisiko wa joto karibu mara 4. Hapo ndipo mnong'ono unasikika.

TUSICHANGANYE MAMBO

Kwanza, huku si kule kutoweka kwa ukinzani kulikogunduliwa na Kamerlingh Onnes katika zebaki mwaka 1911. Kule hakuhitaji mionzi. Huku ukizima maikrowevu, ukinzani unarudi.

Pili, jambo hili halitokei katika nyaya za nyumba yako. Mnara wa simu haupunguzi wala hauongezi uniti zako za LUKU. Akija mtu mlangoni na kifaa anachodai kinatumia mionzi kuondoa ukinzani ili umeme usiishe, muulize maswali matatu: sumaku yake iko wapi, heli yake iko wapi, na fuwele yake ilipandishwa wapi? Atakayeshindwa kujibu asichukue fedha za familia. Elimu kidogo hulinda mfuko.

Tatu, mtu asiseme kuwa utafiti huu hauna maana kwa sababu hauwashi taa. Umefundisha namna elektroni zinavyoishi na mawimbi, mambo ambayo ndiyo msingi wa vipokezi vya mawimbi. Mwaka 2010 Denis Konstantinov na Kimitoshi Kono, wakiwa Japani, waliripoti kuona hali ya namna hii katika elektroni zinazoelea juu ya heli kimiminika, na mwaka 2020 mawimbi kama haya ya ukinzani yaliripotiwa katika grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja.

NENO KWA WANAFUNZI NA WAZAZI

Katika kisa hiki jambo lilipimwa kwanza, na maelezo yanaendelea kutafutwa. Watanzania tunao mfano wetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulio moto ukiganda kabla ya ulio baridi. Alichekwa darasani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lake Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakucheka, bali alikwenda kupima. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu sababu yake.

Basi mwanafunzi, usiache fizikia kwa kudhani maswali yamekwisha. Kanuni ya Ohm unayoifanyia mazoezi ndiyo hiyo hiyo iliyowawezesha watu hawa kutambua kuwa kuna jambo geni mbele yao. Wasingeijua, wangeona sifuri kwenye kipimo na kudhani waya umekatika. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa hapa mjini, kilianzishwa mwaka 2007, na fizikia inasomeshwa humo. Njia haiko mbali.

Nanyi wazazi, mtoto akiuliza kuhusu mnara au dishi, msimjibu kwa hofu wala msimnyamazishe. Mwambieni aulize ni mionzi ya aina gani, ya masafa gani na ya nguvu kiasi gani. Mtoto anayeuliza hivyo hatadanganywa kwa urahisi na muuza vifaa, wala hatamtisha bure jirani yake.